KISUMU HADI LONDON: MAILI NI ZILE ZILE, SAA ZIMEPUNGUA

Ukimwuliza mvuvi wa Dunga umbali wa kisiwa fulani, hatakutajia maili. Atakwambia kwamba ukitweka tanga alfajiri, upepo wa nchi kavu ungali unavuma, utafika kabla jua halijawa kali. Lakini ukichelewa, upepo utageuka, nawe utapiga kasia mpaka mikono ife ganzi. Wazee wetu walipima safari kwa muda namna hiyo, wala hawakukosea. Msafiri hahitaji kujua urefu wa njia tu. Ahitaji kujua atafika lini, na nani atakuwa pwani akimngojea.

Siku hizi swali hilo laulizwa tena Kisumu, ila kisiwa chenyewe ni Uingereza. Nyumba nyingi za Nyanza zina mtoto, ndugu au jirani aliyevuka bahari kwa masomo au kwa kazi. Mara kwa mara karani akiwa mezani pake huletewa tiketi na mtu mzima, naye huulizwa maneno mawili: “Ni mbali kiasi gani? Na ni saa ngapi mpaka kufika?” Maneno haya mawili hudhaniwa kuwa ni swali moja, lakini sivyo. La kwanza lina jibu moja lisilobadilika. La pili limebadilika sana katika muda wa chini ya miaka mia moja, na katika mabadiliko hayo mji wetu wa Kisumu ulipata sifa kubwa, kisha ukaipoteza.

UMBALI WENYEWE

Na tuanze na lile lisilobadilika. Dunia ni mviringo, kwa hiyo njia fupi kati ya miji miwili haipimwi kwa rula juu ya ramani iliyotandazwa mezani. Chukua tufe la dunia, lile linalotumiwa shuleni, ukabane uzi mmoja juu ya Kisumu, kisha uuvute mpaka London bila kuulegeza. Mstari wa uzi huo ndio njia fupi kupita zote.

Wanamaji na marubani wanayo hesabu nyepesi ya kuupima uzi huo. Mzingo wa dunia umegawanywa katika digrii 360, na kila digrii moja ina maili 60 za baharini. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kusini yake kidogo tu. Kutoka kiwanja cha ndege cha Kisumu hadi kile cha Heathrow, London, uzi huo una urefu wa digrii 59 na nusu hivi. Zidisha kwa 60, utapata maili za baharini zipatazo 3,570. Maili ya baharini ni ndefu kuliko maili ya nchi kavu, kwa hiyo jumla yake kwa maili zetu za kawaida ni kama 4,100, au kilomita 6,600 na kidogo.

Hesabu hiyo ilikuwa hiyo hiyo wakati Kisumu ilipokuwa kijiji cha wavuvi na wachuuzi, na itakuwa hiyo hiyo wajukuu wetu watakapokuwa wazee. Kilichobadilika ni namna ya kuivuka.

NJIA YA MTO NA MAZIWA

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence. Tangu hapo barua ya Ulaya iliweza kufika kwa meli kupitia Mfereji wa Suez hadi Mombasa, kisha kwa gari la moshi hadi Kisumu. Hata hivyo ilikuwa safari ya majuma. Mtu akiandika kuuliza hali ya mgonjwa, majibu huenda yakamfikia mgonjwa amekwisha pona, au amekwisha zikwa.

Ndipo watu walipoanza kufikiria njia ya hewani. Taabu ilikuwa viwanja. Kutengeneza kiwanja kigumu cha kutua kila baada ya maili mia tatu au mia nne, kutoka Misri hadi Afrika ya Kati, kulitaka fedha nyingi na kazi nyingi. Na mvua moja ya masika yaweza kukigeuza kiwanja cha nyasi kuwa kinamasi. Lakini Afrika ya Mashariki ilikuwa na viwanja ambavyo hakuna mtu aliyevijenga, navyo ni mto Nile na maziwa makuu. Ndege yenye umbo la mashua chini yake, inayoweza kutua majini na kuondoka majini, ingefuata mto kutoka Khartoum, ikapumzika Malakal na Juba, ikafika ziwa Victoria bila kuhitaji jembe wala sururu.

Mwaka 1927 Kapteni Gladstone alijaribu kupeleka barua kwa ndege ya majini kati ya Khartoum na Kisumu. Jaribio lile halikudumu, lakini lilionyesha njia. Tarehe 28 Februari, 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianza safari zake za kila juma kutoka kiwanja cha Croydon, karibu na London, hadi Mwanza, kupitia Misri, Sudan, Port Bell na Kisumu. Sehemu ya kutoka Khartoum hadi ziwani ilikuwa ya ndege za majini aina ya Short Calcutta, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na mitambo mitatu.

Njia ile ilipindapinda kufuata maji na vituo vya mafuta. Kwa hiyo, ingawa uzi wetu wa kufika Kisumu ni maili 4,100, njia yote kutoka Croydon hadi Mwanza ilizidi maili 5,000. Safari nzima ilikadiriwa kuchukua siku kumi.

Hapa msomaji na ashike kalamu afanye hesabu pamoja nami. Ndege ya Calcutta ilikwenda kwa mwendo wa maili 90 hadi 100 kwa saa. Maili 5,000 kwa mwendo wa maili 95 ni kama muda wa saa 53. Siku kumi ni saa 240. Basi katika kila saa tano za safari ile, ndege ilikuwa hewani kwa saa moja tu na dakika chache. Saa zilizobaki zilikwenda wapi? Zilikwenda katika kulala usiku, kwa kuwa marubani walisafiri mchana walipoweza kuiona nchi. Katika kutia mafuta. Katika kuhama kutoka ndege moja hadi nyingine. Na katika kungoja ukungu uondoke. Kwa miaka kadhaa kabla ya 1937 wasafiri walishushwa Paris wakapanda gari la moshi mpaka Brindisi, mji wa bandari huko Italia, ndipo wakarudi tena kwenye ndege. Hiyo iliitwa safari ya hewani, na sehemu yake ilikuwa ya reli!

KISUMU NJIA PANDA

Mwezi wa Januari, 1932, njia ile ilirefushwa mpaka Cape Town. Hapo ndipo Kisumu ilipokuwa njia panda halisi. Ndege za majini kutoka Khartoum zilikomea hapa, na mizigo ya posta ikahamishiwa katika eropleni za nchi kavu zilizoelekea Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya na nchi za kusini. Mji wetu ulifaa kazi hiyo kwa sababu ulikuwa na mambo matatu mahali pamoja: maji mapana ya ghuba, uwanja wa kutua eropleni, na kituo cha reli. Barua ya mtu wa Nairobi iliyotoka London ilitua kwanza Kisumu. Nairobi, mji mkuu, ulingojea habari zake kutoka ziwani.

Mwaka 1937 zilikuja ndege za majini kubwa zaidi, zile za kampuni ya Short zilizoitwa za daraja la Empire. Zilikuwa na bawa moja kila upande, mitambo minne, na nafasi za abiria zisizozidi 24, nazo zilikwenda maili 160 na zaidi kwa saa. Ziliondoka Southampton, zikapita Misri na Sudan, zikatua Port Bell na Kisumu, kisha zikavuka nchi kwenda Mombasa, Dar es Salaam, Lindi na pwani yote ya kusini hadi Durban. Tarehe 29 Juni, 1937, ulianza mpango mpya wa posta ambao barua za kawaida kutoka Uingereza kuja sehemu hizi za Afrika zilipakiwa katika ndege bila malipo ya ziada, kwa peni moja na nusu kwa kila nusu ya aunsi. Barua ya hewani ikaacha kuwa anasa ya matajiri peke yao.

Kutua majini si kazi ya mchezo. Kabla ndege haijashuka, mashua ya mtambo hupita katika njia yake kutazama kama kuna mtumbwi, gogo au kiboko. Maji yakiwa shwari kama kioo, rubani hawezi kutambua vizuri yu juu yake kwa futi ngapi. Yakichafuka, mawimbi yaweza kulipiga tumbo la ndege likapasuka. Na wenyeji wa ziwa hili wajua jinsi dhoruba ya alasiri inavyozuka ghafula. Kama ndege zile zingalikuwapo leo, zingalikutana na adui mwingine, yaani magugu maji, ambayo tangu miaka ya 1990 huja yakaifunika ghuba ya Winam mara kwa mara hata mashua za wavuvi zikakwama.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kisumu ilitumika katika njia ya ajabu zaidi. Mwezi wa Juni, 1940, Italia ilipoingia vitani, njia ya kawaida ya bahari ya Mediterania ilifungwa. Ndege zikaanza kuzunguka kutoka Durban, kupitia pwani yetu, Kisumu, Khartoum na Cairo, kisha Iraki, Bara Hindi na Singapore mpaka Sydney, Australia. Kwenye ramani njia hiyo ilifanana na kwato ya farasi, na Waingereza waliiita kwa jina la chuma chake. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani mwezi wa Februari, 1942, upande wa mashariki wa njia ile ulikatwa, bali upande wa Afrika uliendelea. Kwa miaka ile, mtu aliyesimama pwani ya Kisumu aliweza kuona ndege ambayo njia yake ilianzia Durban na kuishia mbali huko mashariki.

NDEGE ZILIPOJIFUNZA KURUKA MBALI

Wahenga walisema, kutangulia si kufika. Jambo lililoipa Kisumu heshima ndilo lililoiondolea. Mji huu ulipendwa kwa sababu ndege za siku zile hazikuweza kwenda mbali bila kupumzika, na hazikuwa na viwanja vya kutosha nchi kavu. Vita vilileta viwanja virefu vya lami katika nchi nyingi, na vikaleta mitambo yenye nguvu. Baada ya vita ndege za majini zilibaki kwa muda mfupi tu. Shirika la BOAC, lililorithi kazi ya Imperial Airways, liliziacha kabisa mwaka 1950.

Tarehe 2 Mei, 1952, ndege ya Comet ya shirika hilo iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria wanaolipa nauli. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa ndege ya jeti kufanya safari ya namna hiyo. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kabla ya saa 24 kutimia. Tazama majina hayo vizuri. Entebbe imo, ng'ambo ya ziwa letu, lakini Kisumu haimo. Mwaka 1958 kiwanja kikubwa cha Embakasi kilifunguliwa Nairobi, na tangu hapo wasafiri wa Kenya waendao ng'ambo wamezoea kuelekea huko.

Ilikuwa kutoka Nairobi vilevile kwamba mwezi wa Septemba, 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda New York katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya, mwana wa jamii ya kisiwa cha Rusinga. Kwa wazazi wa siku zile kumpeleka mtoto Marekani kulikuwa kama kumkabidhi kwa upeo wa macho. Leo safari hiyo yafanyika bila kutua: tarehe 28 Oktoba, 2018, shirika la Kenya Airways lilianzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Uzi wake ni kilomita 11,800 na zaidi, na mstari huo hukata jangwa la Sahara na kupita Moroko kabla ya kuingia bahari ya Atlantiki. Kwenda huchukua kama muda wa saa 15. Kurudi huwa kufupi kwa saa moja hivi. Maili za kurudi hazikupungua. Ni kwa sababu katika anga ya juu ya nchi za kaskazini uko upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ya kwenda yapambana nao, na ndege ya kurudi yasukumwa nao. Mvuvi wa Dunga hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

SAFARI YA LEO

Sasa turudi kwenye tiketi iliyo mezani. Kiwanja cha Kisumu kilipanuliwa, kikafunguliwa rasmi kama kiwanja cha kimataifa mwaka 2012, na njia yake ya kurukia sasa ina urefu wa mita 3,300. Hata hivyo msafiri wa kawaida wa kwenda London hupanda kwanza ndege ya Nairobi. Umbali huo ni kilomita 280 hivi kwa uzi, na ndege huchukua chini ya saa moja. Kutoka Nairobi hadi London ni kilomita 6,840 hivi. Jeti ya leo ikienda kilomita 900 kwa saa, hesabu tupu ni muda wa saa saba na nusu na kidogo. Lakini ndege hutambaa ardhini, hupanda polepole, huzunguka kungoja zamu ya kutua, na haifuati uzi sawasawa. Kwa hiyo yafaa kuhesabu muda wa saa nane na nusu hadi tisa.

Wengi hujiuliza, kwa nini ndege kubwa isiondokee hapa hapa Kisumu? Kimo cha mji si kizuizi. Kisumu ipo chini kuliko Nairobi kwa futi elfu moja na mia sita hivi, na hewa nzito ya mahali pa chini huisaidia ndege kupaa. Sababu kubwa ni watu. Ndege ya masafa marefu hubeba mamia ya abiria, nayo haina faida isipojaa mara nyingi kila juma. Nairobi hukusanya abiria kutoka kila upande wa nchi, kama zamani Kisumu ilivyokusanya barua.

Tufanye tena hesabu ile ya mwaka 1931. Msafiri wetu afika kiwanja cha Kisumu saa moja na nusu kabla ya kuondoka. Aruka dakika hamsini. Angoja Nairobi kwa muda wa saa tano, maana ni hatari kubana nafasi. Asafiri saa tisa. Kisha ahesabu saa moja na nusu ya kuonyesha paspoti na kuchukua mizigo London. Jumla yapata saa 18, na katika hizo karibu 10 ni za hewani. Zamani saa moja kati ya tano ilikuwa ya kuruka. Leo ni zaidi ya nusu.

Lakini asiye na nauli ya ndege ya Kisumu husafiri kwa basi. Barabara ya Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 350 hivi, na safari yake ni kama muda wa saa saba au nane, pengine zaidi magari yakisongamana. Yaani kutoka ziwani hadi Nairobi kwa barabara ni karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Uingereza kwa ndege, ingawa umbali wa pili ni mara ishirini ya ule wa kwanza! Na mtu wa Mbita au Migori ana saa zake nyingine kabla hajafika Kisumu. Yeyote anayetaka kuifupisha safari ya mtu wa Nyanza kwenda Ulaya na atazame barabara kwanza, ndipo atazame mbingu.

SAA ZA TIKETI NA SAA ZETU

Liko jambo moja lililo kubwa kuliko upepo na mafuta, ambalo limewagharimu watu fedha na machozi. Ni namna ya kusoma saa.

Mama mmoja alikuja na tiketi ya mpwa wake aliyepata nafasi ya masomo Uingereza. Iliandikwa Jumanne, 00:20. Akaniambia, “Mwanangu, tumekubaliana kwamba tumsindikize Jumanne usiku, kwa maana ndege yake ni saa sita na dakika ishirini usiku. Jumanne mchana tutamfanyia sala nyumbani.” Siku ile ilikuwa Jumatatu, saa tano asubuhi. Nilimjibu, “Mama, sala na ifanyike sasa hivi. Ndege hiyo ni usiku wa leo.” Alikaa kimya kidogo, kisha akaomba simu. Kijana aliwahi, namshukuru Mungu, lakini aliondoka bila kuagana na babu yake.

Mama yule hakuwa mjinga. Kwetu siku huanza jua linapochomoza, na saa ya kwanza ni saa moja baada ya hapo. Kwenye tiketi siku huanza katikati ya usiku, na saa huhesabiwa hadi 24. Kwa hiyo 00:20 ya Jumanne ni ule usiku wa kuamkia Jumanne, ambao watu wengi bado wauita Jumatatu usiku. Na desturi ya saa ni hii: toa sita. Tiketi ikisema 14:00, toa 12 upate mbili za mchana kwa Kizungu, kisha ujue kwamba hizo ni saa nane zetu. Ikisema 23:00, hiyo ni saa tano usiku. Ikisema 06:00, hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Asiyeuliza hana ajifunzalo. Ni afadhali kumwuliza karani mara tatu kuliko kufika uwanjani siku moja baada ya ndege.

Tena, saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali penyewe. Kenya iko mbele ya Uingereza kwa saa tatu. Na tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza wanaposogeza saa zao mbele, tofauti huwa saa mbili. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano usiku na kusafiri saa tisa, hapa nyumbani itakuwa saa mbili asubuhi itakapotua. Lakini saa ya ukutani London itaonyesha saa kumi na mbili asubuhi wakati wa kiangazi chao, au saa kumi na moja alfajiri wakati wa baridi. Atoaye saa ya kuondoka katika saa ya kufika, bila kukumbuka tofauti hiyo, atadhani safari ni ya saa sita au saba, na atakaa nyumbani akihofu ndege imeanguka.

Mambo haya yana uzito zaidi siku za msiba. Ndugu akifariki ng'ambo, jamaa hutaka kupanga siku ya maziko mapema, chakula kinunuliwe na wakwe wapewe habari. Hapo wengi huhesabu saa za ndege peke yake. Ndege ni sehemu fupi kuliko zote. Kabla yake kuna cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha mwili, na nafasi katika ndege ya mizigo au ya abiria. Baada yake kuna ushuru wa forodha, na barabara ya kuja ziwani. Ni busara kutotangaza siku ya maziko mpaka ndege iwe imekwisha tua Nairobi. Mgeni aliyekula matanga siku nne akingojea sanduku ambalo halijatoka London hana wa kumlaumu, na mwenye nyumba hana cha kumpa tena.

MANENO YA MWISHO

Msomaji atakayebandika hesabu hizi ukutani na akumbuke machache. Umbali ni wa dunia, nao haupunguzwi na mtu. Muda ni wa wanadamu, nao hupunguzwa na barabara nzuri, viwanja vizuri, ndege nzuri na watumishi wasiochelewesha watu. Mwaka 1931 Kisumu ilikuwa siku kumi kutoka London, na ilikuwa mlango wa mbele wa Kenya. Leo ni chini ya siku moja, nayo imekuwa mlango wa upande. Mlango wa upande haukufungwa. Unangoja watu na bidhaa za kutosha kuupita, samaki wa ziwa wakiwa miongoni mwao, ambao huoza wakicheleweshwa njiani na ambao thamani yao hutegemea saa kuliko maili.

Na wewe mzazi uliye na tiketi ya mwanao katika sanduku, itoe leo. Isome siku, kisha isome saa, kisha mpe mtu mwingine aisome bila kumwambia wewe umesoma nini. Mkipatana nyote wawili, fungeni mizigo.